Mega za Isidore

Kwa miaka miwili Bénédicte alitembea Bunia nzima akijivunia namba moja: kumi na moja. Huo ndio uliokuwa uzito wa programu yake ya simu, mega kumi na moja tu, na ukimpa nafasi angekueleza jambo hilo hata kwenye matanga. Wenzake walijivunia watoto au ng'ombe, yeye mega. Tulimcheka, lakini hatukumcheka sana, maana programu yenyewe ilikuwa inafanya kazi.

Iliitwa Mufukoni. Ilikuwa ya relais, wale wanaojitolea kuhudumia wagonjwa vijijini, mahali ambapo muuguzi anaonekana mara moja kwa mwezi, tena barabara ikikubali. Mtoto ana homa, anakohoa, anaharisha: unafungua simu, unajibu maswali, simu inakwambia dawa ipi na mara ngapi, au inakwambia acha kila kitu, mbebe, nenda hospitali. Haikuwa na mwenyewe. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuinakili, hata kuifumua aone ilivyoshonwa na kuongeza kiraka chake. Lakini kitu cha wote nacho kinahitaji mtu wa kufunga mlango, na funguo za Mufukoni walikuwa nazo wawili: Bénédicte, aliyekuwa na chumba chake cha kazi hapa Bunia, mtaa wa Shari, na Destin, kijana msomi wa Kisangani ambaye hajawahi kuonana naye ana kwa ana. Kiraka hakiingii mpaka hao wawili wakubali.

Kilichoifikisha mbali ni wepesi wake. Kule juu, njia ya Mongbwalu, mtandao ni hadithi. Mwendesha pikipiki anasimama kwenye kituo cha afya, simu mbili zinawekwa pamoja, na kabla hajamaliza chai yake Mufukoni imeshavuka kutoka moja kwenda nyingine. Ilisafiri hivyo, simu kwa simu, mpaka sehemu ambazo Bénédicte mwenyewe hakuzijua majina.

Ndipo akaja Isidore na sauti zake.

Isidore alikuwa mtangazaji wa redio kwa miaka ishirini. Sauti yake ilijulikana kuliko uso wake; sokoni wanawake walikuwa hawamwangalii mpaka aulize bei, hapo wote wanageuka. Alipostaafu hakujua afanye nini na mdomo wake, akajitolea kwa Mufukoni. Alisoma kurasa zote kwa Kiswahili, kisha akatafuta watu wanne wa kuzisema kwa Kilendu, Kihema, Kibira na Kialur, akawakalisha chumbani kwake madirisha yakiwa yamezibwa kwa magodoro. Kazi hiyo ilimla mwaka mzima. Mwishoni Bénédicte alizibana sauti hizo kadiri zilivyobanika, na bado zilikuwa na mega mia mbili.

"Béné, ziweke ndani," Isidore alimwambia. "Ndani kabisa, kitu moja."

"Ya Isidore, kaka yangu, mega mia mbili? Itapita wapi? Zile téléphone za kule zinajaa na picha tatu. Tutaziweka pembeni. Mwenye anazitaka atafinya buto mu téléphone, atateremusha."

"Mwenye anazitaka ni ule hajue kusoma. Ile buto umeiandika nini?"

"Sauti."

"Umeiandika," alisema Isidore. "Tena batu banatumiana kitu moja, mudogo wangu. Ya pili inabakia mu njia."

"Basi tuweke luga moja paka, moja tu. Kiswahili."

"Na wale hawasikie Kiswahili muzuri, si ndio tuliwafanyia?"

Hapo Bénédicte aliliacha, maana ni mtoto wa mkoa huu wa Ituri na alijua alipokanyaga. Ukiweka lugha moja ukaacha nyingine, hapa kwetu hiyo si programu tena, ni tangazo. Watu watauliza kwa nini wale na si sisi, na hawatauliza kwa upole. Ni zote au hakuna. Na kwa kuwa zote hazikutosha, akachagua hakuna. Destin aliandika kutoka Kisangani kwamba anaunga mkono, na mambo yakaishia hapo.

Isidore hakukasirika. Alirudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Mara ya tatu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Sikia, ukatae, lakini sikiliza kwanza. Kuko kantu, kitu kadogo, nilitengeneza mule."

"Nitasikiliza, Ya Isidore."

Hakusikiliza. Semeni mnavyotaka, alikuwa na kazi nyingi, na sauti ya Isidore aliijua tangu utoto, si mgeni wa kusikilizwa upya. Alikuwa amezipima. Kwake yeye kuzipima kulitosha.

Mwezi wa kumi Isidore akafunga safari mwenyewe. Kama mlango hautaki, alisema, nitapitisha dirishani. Alinunua kadi arobaini ndogo za kumbukumbu za simu, akajaza sauti zote katika kila moja, akazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Mpango wake ulikuwa kupita kituo kwa kituo mpaka Mongbwalu, akiweka kadi katika simu za watu kwa mkono wake. Bénédicte alimwambia mvua ni nyingi, angoje. Isidore akamjibu kwamba watoto hawakohoi kwa kufuata ratiba ya mvua. Wakaagana vizuri, kwa kicheko, na hilo Bénédicte alilishukuru baadaye, maana hakubakiwa na kingine cha kushukuru.

Siku ya pili ya safari, mahali barabara inapopanda, pikipiki iliteleza kwenye matope na kuingia chini ya lori lililokuwa likishuka na magunia. Dereva wa pikipiki alivunjika mguu. Isidore alifariki palepale, kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ni yeye, maana hakuwa amesema neno.

Hakuna aliyemlaumu Bénédicte. Kwenye matanga walimpa kiti, wakampa chakula, wakamwita dada wa marehemu. Lau wangemlaumu ingekuwa afadhali, angepata pa kujitetea. Badala yake alikaa katikati ya wanawake waliokuwa wakiimba, na kichwani mwake hesabu moja ilikuwa ikijirudia: yeye angeziweka ndani, Isidore asingezibeba. Angeziweka ndani, asingezibeba. Aliposhindwa kuizuia alitoka nje akajifanya anasaidia kuosha vyombo.

Wiki ya tatu baada ya maziko, Scholastique, mjane wa Isidore, alifika kwenye chumba cha kazi. Ilikuwa mchana, jua limetokeza baada ya mvua. Alikuwa amebeba lile kopo. Watu wa barabarani walikuwa wamelirudisha, limebonyea upande mmoja, matope yamekauka kwenye mpira.

"Nilikuletea," alisema. "Mi niko na téléphone ya tochi paka. Fungua nisikie."

"Mama Scholastique, una hakika?"

"Miezi kumi na mbili alifunga madirisha na godoro zangu. Nilikuwa nalala chini. Sasa nisisikie hata nilicholalia chini?"

Bénédicte akacheka na kulia kwa pamoja. Akachukua kadi moja, akaipangusa, akaiweka kwenye simu yake. Akachagua ukurasa bila kufikiri, ukurasa wa siro ya kifua, dawa ya maji ya kikohozi. Isidore akaingia chumbani.

Scholastique aliinamisha kichwa, mikono mapajani. Bénédicte alifungua ukurasa huohuo kwenye kompyuta ili afuate maandishi, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofuata Biblia huku mchungaji akisoma. Kwa sentensi nne walikwenda pamoja, yeye na marehemu. Ya tano wakaachana.

Maandishi yalisema: Mpe mtoto kijiko kimoja kila saa sita.

Isidore alisema: "Mutamupatia mutoto kijiko moja asubui, moja midi, moja magaribi, na moja kati ya usiku. Ni mara ine. Si paka saa sita, bamama. Mara ine."

Bénédicte alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akasoma maneno yake mwenyewe kama mtu wa kijijini atakavyoyasoma. Aliyatoa kwenye karatasi ya Kifaransa, neno kwa neno, akiwa na haraka: dawa itolewe, zikipita saa sita, itolewe tena. Lakini kwa Mswahili saa sita ni saa sita, jua likiwa utosini. Kila saa sita ni kila siku adhuhuri. Kijiko kimoja kwa siku, mtoto anayehitaji vinne. Na yeye alizaliwa Bunia, mama yake alimwita kula kila saa sita ya mchana katika maisha yake yote, na hakuliona kosa hilo.

"Nini?" Scholastique aliuliza.

Bénédicte alimweleza. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole.

"Sasa juu ya nini hakuniambia?" Bénédicte alisema. "Angeniambia paka. Neno moja."

"Isidore?" Scholastique alisema. "Ule alikuwa mutu wa redio. Kule kwao, mwenzako akikosea neno mu micro ya redio, haumukatize. Unangoja zamu yako, unaisema muzuri, yeye atasikia mwenyewe, atajua. Ni heshima. Alikuwa anangoja usikie."

Redioni ni kweli wanafanya hivyo. Ni desturi nzuri, haimwaibishi mtu. Ila inahitaji mwenzako awe anasikiliza.

Kusahihisha maandishi kulichukua dakika nne. Kuyarudisha yaliyokwisha kuenea hakukuwezekana kwa dakika nne wala kwa miaka minne. Mufukoni ilikuwa imeshavuka simu ngapi, nani ajuaye? Wepesi wake wote ule, ule aliokuwa akijisifia, ulikuwa umebeba kosa lake mlima hadi mlima, bila kuchoka.

Kesho yake alimpigia Arlette, mara nyingi mpaka akampata. Arlette alikuwa muuguzi wa kituo kidogo mbele ya Mongbwalu, mtu wa kwanza kule juu kuipokea Mufukoni na kuigawa. Bénédicte alimuuliza moja kwa moja: siro ya kifua, akina mama wanaitoa vipi?

Mtandao ulikatika, ukarudi.

"Mi ninabaambia mara ine," alisema Arlette. "Lakini mi niko moja, madame. Wale barelais ba mu vijiji banasoma vile iliandikwa. Banapatia saa sita."

"Na watoto?"

Arlette alishusha sauti.

"Bamoja walipona," alisema. "Ya bale bengine tusiiongelee mu téléphone."

Bénédicte aliketi na simu ikiwa imezima. Alihisi aibu, aibu kubwa isiyo na pa kuwekwa. Jioni ile hakula.

Sasa shauri la zamani likarudi mezani, na safari hii alilileta yeye. Alimwandikia Destin: tuziweke sauti ndani, zote tano. Destin alipiga simu badala ya kuandika, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Pole sana, yaya, dada yangu," alisema. "Lakini tuongee kama watu ba kazi. Maandishi umetengeneza. Kosa limeisha. Mega mia mbili bado ni mega mia mbili. Jana zilikuwa nzito, leo zimekuwa nyepesi juu ya mutu amekufa?"

Alikuwa na haki. Bénédicte alijua ana haki kwa sababu maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, aliyokuwa akimwambia Isidore.

"Kosa moja limeisha," alijibu. "Lile alilolisikia. Kama angekuwa hakusema, mi ningelijua? Kuko ingine ngapi? Na ule hajue kusoma, hata nikiandika muzuri namna gani, simuandikie kitu."

"Na ule simu yake itakataa?"

"Atafuta miziki, nafasi itapatikana."

Destin akashusha pumzi. "Unaifanya juu ya programu ao juu ya Isidore?"

Bénédicte hakumdanganya. Alisema hajui. Nusu kwa nusu, alisema, na hata hiyo nusu hajaipima. Destin akasema kwamba yeye hakuwa na ndugu aliyekufa katika jambo hili, kwa hiyo anampa kibali chake, lakini ameweka maneno yake kwenye ukurasa wa majadiliano ili yabaki. Yapo mpaka leo. Ukitaka kuyasoma, yako wazi kwa wote.

Kabla ya kuifunga kazi, Bénédicte alikwenda kwa Scholastique kumwomba ruhusa. Alimkuta akianika nguo. Alifikiri mjane atalia, au atafurahi kwamba sauti ya mumewe haitapotea. Scholastique alimaliza kwanza kubana shuka.

"Usiziweke juu ya kunifariji," alisema. "Sauti yake mi niko nayo mu kichwa, haiitaji mega. Ule mutu alitoka hapa na bintu byake, akafia mu njia. Bintu bifike. Ni ile tu ninataka. Bifike."

Basi vikatumwa. Mufukoni mpya ilitoka wiki iliyofuata, kitu kimoja, mega mia mbili na kumi na moja, na lugha zote tano tumboni. Bénédicte aliwapa waendesha pikipiki wanane, akawaeleza kwamba safari hii chai moja haitatosha, wangoje mpaka ivuke yote. Alipoiona ya kwanza ikivuka, alihisi kwamba amemlipa Isidore kitu, si chote. Usiku ule alilala usingizi wa kwanza wa maana tangu matanga.

Siku kumi na mbili baadaye, saa nane mchana, Arlette alimtumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, upepo ulisikika.

"Madame Béné, aksanti. Programu ilifika, iko ndani, inasema. Jana mama moja ambaye hajue kusoma alisikiliza mara tatu, akaniambia mara ine, kijiko moja moja, asubui, midi, magaribi, usiku. Mutoto anaendelea muzuri. Minasema aksanti sana kwa ule papa, Mungu amupumuzishe. Kwanza téléphone ilikataa. Ilisema nafasi haiko. Nilifuta miziki, ikakataa. Nilifuta video ya korali ya kanisa, ikakataa. Kukabakia paka picha za bwana yangu, marehemu, ule alibomokewa na shimo ya zahabu. Zilikuwa kumi na tisa. Nilifikiri siku mbili. Halafu nilizifuta, ikaingia. Usione mubaya, madame, kazi ni kazi. Ni kukuambia paka kwamba iliingia."

Bénédicte alimpigia hapohapo. Aliuliza kama kulikuwa na nakala nyingine, kwa ndugu, kwa rafiki, kwenye karatasi.

"Hapana," alisema Arlette. "Alikuwa hapendi picha. Ni mi nilikuwa namuiba akiwa analala ao anakula." Akacheka kidogo. "Haizuru. Nimezoea kumukumbuka bila kumuangalia, nitazoea tu." Kisha mtandao ukamchukua.

Bénédicte alibaki ameshika simu. Picha kumi na tisa, za simu ya zamani, mega mbili mbili hivi. Akili yake ilikuwa imezoea hesabu za namna hiyo kwa miaka, ikajumlisha bila kuombwa: arobaini, au pungufu kidogo. Alifungua orodha ya sauti na kuangalia uzito wa kila lugha. Kibira peke yake kilikuwa na mega arobaini. Na kule juu kwa Arlette, tangu kituo kifunguliwe, hakijawahi kuingia hata mtu mmoja anayeongea Kibira. Kilikuwa ndani ya simu yake kwa ajili ya haki, ili Ituri isigombane, kimekaa kimya mahali alipokuwa amelala mume wake pichani.

Kichwani alimsikia Isidore akiuliza, na hao wengine je? Alimsikia Destin na mega zake mia mbili. Alijua kwamba hata kama angeulizwa leo tena, angeweka zote au asiweke hata moja, na vyovyote vile kuna mtu ambaye angelipa bila kuulizwa. Mtoto wa yule mama alikuwa anapona. Hilo nalo lilikuwa kweli, na halikulifuta lile lingine.

Bénédicte aliweka kichwa mezani akalia kwa sauti, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka sokoni walipunguza mwendo, mmoja akamwambia mwenzake amwache, bado anamlilia Isidore, na wakaendelea na njia yao.